Tani Mbili na Robo

Kazi yangu ni kuhesabu makontena yanayotoka.
Lango la tisa, Kilindini, zamu ya usiku,
kiti kimevunjika mguu mmoja, nimekiegemeza kwa tofali.
Yanayoingia yana karani mwingine, kitabu kinene, na marupurupu:
vigae, dawa, ngano, betri,
mikoba ya shule yenye picha za theluji.
Yanayotoka nayaandika mimi.
Neno langu ni moja. TUPU.
Tupu, tani mbili na robo. Tupu, tani mbili na robo.
Hupita chai, kweli, hupita parachichi na magadi,
kisha foleni hurudia desturi yake
nami naipelekea dunia hewa ya Mombasa,
imetiwa komeo, imelipiwa ada ya bandari.

Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma.
Haya hayavumi. Yapita kimya
kama watu waliotoka matangani.

Saa ya uji, ubishi ni ule ule.
Ndurya asema ni joto, jua hili halimwachi mtu akafikiri.
Ayasema hayo saa nane ya usiku, kikokotoo mkononi,
hajakosea hesabu hata moja mwaka mzima.
Mwachofi asema tuliibiwa. Ngome ile pale, asema,
haikujengwa ili watu watazame samaki.
Nami sina la kumpinga.
Lakini kuna waliochomewa miji ikawa jivu
na leo vigae vyao ndivyo vinavyoingia.
Basi nanyamaza, nakoroga uji,
namkumbuka ami yangu Shebwana.

Ami Shebwana alikuwa na kinu cha mafuta ya nazi Jomvu Kuu,
kinu cha injini, si cha ngamia.
Mafuta yake ukiyatia chupani
wasoma gazeti upande wa pili.
Akataka kinu cha pili. Benki ikamwambia: lete hati ya shamba.
Shamba alizaliwa humo, babake kazikwa humo,
hati ina jina la mtu wa Maskati
ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kisogo.
Akasema: na makaburi je, si ushahidi?
Karani, kijana wa adabu, akamjibu
fomu haina nafasi ya makaburi.

Kisha parafujo ya injini ikakatika.
Moja tu, urefu wa kidole cha shahada.
Ikaagizwa ng'ambo, miezi mitano;
ilipofika ikalala forodhani wiki sita
ikingoja muhuri, na mwenye muhuri yuko semina.
Ilipotoka, nazi ghalani zilikuwa zimeota.
Mafuta ninayopaka leo kichwani
hutoka ng'ambo. Kibandiko kina mnazi,
umeinama vizuri, mnazi usiokwewa na mtu.

Huu basi ndio ujinga wangu, nauweka mezani:
utajiri, nadhani, si dhahabu, wala si bidii.
Mamangu alikuwa na bidii ya punda, akafa na deni la sukari.
Ni jirani yako kujua kukata parafujo,
na mwenye muhuri kukuogopa wewe
kuliko unavyomwogopa yeye.
Labda. Waliosoma watanirekebisha.

Jana, saa tisa kasoro, mizani ilisema
tani mbili na robo, na kilo hamsini na nane.
Nikapima tena. Hamsini na nane.
Ndurya akavuta komeo.
Kijana. Kuna aliyemlipisha, akamfungia kwa nje.
Kakumbatia dumu la maji, biskuti, na tupa,
tupa ya chuma, mpini umezungushiwa kitambaa.
Fundi, akasema, wa Changamwe, mchonga vyuma.
Hata parafujo? nikamuuliza.
Akanitazama kama mwenye wazimu.
"Parafujo ni kazi ya asubuhi, kabla ya chai."

Fomu ilikuwa mbele yangu, neno nishaliandika.
Sehemu ya bidhaa ina mstari mmoja tu.
Kalamu ikasimama pale, wino ukafanya duara.
Yeye akanywa maji yake, akafuta kinywa,
akauliza, kwa upole, meli yenyewe
ilikuwa inakwenda wapi.